Dawa ya Ng'ambo

Kilichomchoma Nerima hakikuwa jina la ugonjwa. Jina alilijua tangu msimu wa mvua. Kilichomchoma ni lile neno dogo lililofuata.

"Ni klamidia tena, dada," Sista Akiror alimwambia asubuhi ile, ndani ya kliniki ndogo ya Malaba inayotazamana na stendi ya bodaboda. "Ile ile. Imerudi."

Tena! Imerudi! Nerima alitoka nje akaanza kutembea kando ya foleni ya malori, na maneno hayo mawili yakatembea naye. Jua lilikuwa limepanda, vumbi limepanda, na hasira yake imepanda kupita vyote. Madereva walimwita kutoka madirishani, maana nani pale mpakani hakumjua Nerima, ajenti wa forodha mwenye ulimi mtamu kwa maafisa na mkali kwa wenye mizigo?

"Ajenti! Mzigo wangu unatoka lini?"

"Madam, leo hata salamu hakuna?"

Hakumjibu mtu. Alikuwa akitafuta lori moja tu, lenye kichwa cha buluu, na mwanamume mmoja tu, Willis Ogutu wa Osieko. Leo ilikuwa Alhamisi. Jumamosi wazee wa Willis walikuwa waje nyumbani kwa kina Nerima, kule Matayos, wakiwa na samaki wao na heshima zao, kuomba mke. Na kabla hawajapanda gari, Nerima alitaka kijana wao ajibu swali moja fupi: nani?

Hebu tumwache atembee kidogo nikueleze yaliyokuwa kichwani mwake, maana kichwa kile siku hiyo kilikuwa soko ambamo kila mtu anauza na hakuna anayenunua.

Wakati wa mvua alianza kusikia maumivu chini ya kitovu, na damu kidogo isiyo ya siku zake. Akaona aibu. Sasa watu wa mpakani wana desturi yao: aibu wanaivusha. Ukitaka unga wa bei nafuu unavuka, na ukitaka kujificha macho ya jirani unavuka vilevile. Wa Malaba ya Kenya huenda Malaba ya Uganda, wa kule huja huku, na wakikutana katikati husalimiana vizuri kabisa, kila mmoja akijifanya anaenda kumwona shangazi. Nerima naye akavuka. Akapimwa, akaambiwa ni klamidia, akapewa vidonge vya wiki nzima. Alivimeza vyote bila kuruka hata kimoja, na maumivu yakaondoka.

"Nyabo, lete na bwana wako atibiwe," walimwambia kule.

"Nitamleta," akasema.

Hakumleta. Kabla ya Willis alikuwa na mwalimu mmoja, Jared, aliyemzungusha karibu miaka miwili kisha akaenda kuoa Kitale. Nerima hakujua kama ugonjwa ulitoka kwa Jared au kwa Willis. Aliogopa kumwambia Willis, asije akaulizwa, "Na wewe umeutoa wapi?" na ndoa ikavunjika hata kabla ya kufungwa. Basi akanyamaza. Nimepona, akajiambia, ya nini kuchokoza nyuki?

Na leo asubuhi Sista Akiror alipomuuliza, "Mara ile ya kwanza, mwenzako alitibiwa?" Nerima alijibu haraka, bila hata kupepesa macho, "Ndiyo, sista."

Sista akashika kidevu. "Haya. Kama nyote wawili mlitibiwa, na mkasubiri mpaka dawa ikaisha, basi hii imeingia upya. Imetoka nje."

Imetoka nje! Looh! Hapo ndipo Nerima alipoinuka kitini. Unaona vituko vya binadamu? Amedanganya kwa mdomo wake mwenyewe, amepewa jibu la uongo wake, kisha analichukua jibu hilo hilo na kulifanya rungu la kumpigia mtu. Lakini tusimcheke sana. Aliyechanganyikiwa hushika chochote kilicho karibu naye.

Tena kulikuwa na senge Rael. Kwa Waluhya, posa haipiti bila senge, dada ya baba, na senge Rael alikuwa amekataa tangu siku ya kwanza. "Dereva ana nyumba kila mizani ya malori," alisema. "Leo yuko kwako, kesho yuko Eldoret, kesho kutwa Jinja. Atakuletea ugonjwa, Nerima, na utakuja kulia kwangu." Senge mwenyewe aliolewa zamani akarudishwa kwao kwa sababu hakuzaa, na tangu hapo akafunga moyo na mlango. Siku hizi aliuza viazi vitamu vya kuchemsha hapo hapo Malaba, na alikuwa na macho ya kuona lori zima na aliyekaa nyuma ya lori. Alikuja kukubali posa juzi tu, tena kwa shingo upande.

Sasa maneno ya senge yametimia, Nerima aliwaza, na machozi yakamjaa. Hapo akakiona kichwa cha buluu.

Willis alikuwa ameketi kwenye kivuli cha trela lake, juu ya mtungi wa plastiki uliopinduliwa, mbele ya jiko la mkaa. Sufuria ya mbuta ilikuwa inachemka, na harufu ya nyanya na dania ilifika hadi barabarani. Alipomwona Nerima, uso wake wote ulifunguka. Huo ndio ulikuwa ubaya wa Willis. Mtu anakuja na vita, yeye anampokea na uso ule.

"Nerima wangu! Kumbe pua yako inajua siku ya samaki."

"Usinichekee."

"Eh. Sawa. Keti basi, jua ni kali."

"Sikuja kuketi."

Willis alimtazama vizuri sasa, taratibu, kama alivyozoea kumtazama, kuanzia macho hadi mikono na kurudi tena machoni. Nerima alihisi joto ambalo halikuwa la jua, akalichukia. Juu ya kichwa cha Willis, mlango wa lori ulikuwa wazi, na ndani kulikuwa na shati jeupe limetundikwa, limepigwa pasi, limefunikwa na nailoni ya dobi. Shati la Jumamosi. Nerima aliligeuzia mgongo upesi.

"Ni nani, Willis?"

"Nani nani?"

"Huyo mwanamke wako. Wa Eldoret? Wa Jinja? Wa wapi?"

"Mwanamke gani tena?"

"Usiniambie tena! Hiyo tena nimeisikia ya kutosha leo!" Sauti yake ilipanda, na dereva wa lori la mbele akapunguza redio. Nerima aliona, akashusha sauti mpaka ikawa mbaya zaidi. "Nimetoka kliniki. Nina klamidia. Ni ugonjwa wa zinaa, kama huujui. Na mimi silali na mtu isipokuwa wewe. Sasa niambie ni nani."

Alingoja Willis aruke, aape, ampigie kelele. Hayo yote alikuwa amejitayarishia majibu njiani. Willis hakufanya hata moja. Aliepua sufuria motoni, akaifunika, akaiweka chini polepole. Kisha akaketi akiangalia makaa.

"Kumbe inaitwa hivyo," akasema.

"Nini inaitwa hivyo?"

"Hiyo kitu." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Kuna wakati nilikuwa nikienda haja ndogo nasikia moto. Moto, Nerima. Na asubuhi naona kama usaha kidogo. Nikaogopa sana. Nilikuwa nimeshusha mzigo Busia, nikavuka kwa miguu, nikanunua dawa kwa duka fulani huko ng'ambo. Yule wa duka hata jina hakuniuliza."

"Dawa gani?"

"Sijui. Kapsuli tu. Nilimeza mpaka ule moto ukaisha, kama siku tatu hivi. Zingine nikaweka kwa dashibodi, nikasema zitasaidia siku nyingine."

"Dawa ya siku nyingine! Willis, wewe ni mtu mzima!"

"Nilikuwa naona aibu."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini?" Sasa na yeye aliinua macho, na macho yale yalikuwa mekundu. "Haki ya Mungu, tangu nishikane na wewe sijagusa mwanamke mwingine. Nalala kwa hii kebini kama mbwa wa mlinzi. Madereva wenzangu wananicheka. Sasa mimi najijua, sijaenda mahali. Kwa hivyo kama si mimi…"

"Malizia."

"Wacha tu."

"Malizia, Willis!"

"Nilidhani ni wewe."

Lori moja mbele lilisogea, na foleni nzima ikaanza kuguruma. Willis hakusogea. Nyuma yake honi zilipigwa, mtu akatukana kwa Kiganda, na wale wawili wakabaki vilevile, wanatazamana kama watu waliogongana gizani na kila mmoja anangoja mwenzake aombe radhi.

"Ulidhani ni mimi," Nerima alisema. "Ukakaa na hiyo kitu moyoni. Ukaenda Osieko ukawaambia wazee waje kwetu Jumamosi. Ulikuwa unanioa ukidhani nimelala na mtu?"

"Nilikuwa nimekusamehe."

Aa! Mwanamume huyu! Hakujua kwamba neno hilo lilikuwa baya kuliko tusi. Nerima alicheka kicheko kikavu, akashika kiuno.

"Umenisamehe! Nani alikuomba msamaha? Nimekosa nini mimi? Unaamka tu asubuhi unanisamehe, hata kuniambia huniambii!"

"Ningefanya nini, nikuache? Nilijaribu. Nilikaa wiki nzima Kampala bila kukupigia, unakumbuka? Nikaona siwezi. Nikasema bora niwe na wewe na hilo doa kuliko niwe bila wewe." Alisema hivyo akiangalia chini, kama mtu anayeungama wizi wa kuku. "Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu yote."

Nerima alikumbuka wiki ile. Alikuwa amelia kwenye mto kila siku, akidhani Willis amechoka naye. Alitaka kumpiga kofi, na alitaka kuinama amshike kichwa akiegemeze tumboni pake. Hakujua lipi lianze, kwa hiyo alisimama tu.

"Lakini ngoja," Willis alisema, akikunja uso. "Umesema umesikia tena ya kutosha. Tena ya nini? Kwani kulikuwa na ya kwanza?"

Nerima akajikuta hana pa kutazama. Alitazama sufuria, akatazama magurudumu, akatazama lile shati jeupe.

"Nerima."

"Wakati wa mvua," alisema. Akaketi kwenye ngazi ya lori. "Nilikuwa naumwa tumbo. Nilivuka. Nikatibiwa huko, nikapona."

"Ulivuka."

"Ndiyo."

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

"Walikuambia unilete?"

Akaitikia kwa kichwa. Willis hakupiga kelele, na ingekuwa nafuu kama angepiga. Alichukua kijiti akaanza kuchora mchangani, kitu kisicho na umbo.

"Sasa mimi nimepotea kabisa," alisema mwishowe. "Wewe ulitibiwa, mimi sikutibiwa. Kwa hivyo ni mimi nilikurudishia."

"Labda."

"Na mimi niliitoa wapi?"

"Kwangu, labda. Kutoka kwa Jared."

"Au wewe uliitoa kwangu. Nilikuwa na mtu Mombasa, kabla hatujajuana."

"Hukuniambia kuhusu wa Mombasa."

"Si ni kabla! Kwani wewe Jared ulinieleza yote?"

"Usimtaje Jared!"

"Umemtaja wewe!"

Wakaenda hivyo, wakazunguka, wakarudi pale pale, kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti. Kila walipofika kwa Jared walijikuta Mombasa, na kila walipofika Mombasa walijikuta kwa Jared. Katikati ya mzunguko huo simu ya Nerima ililia. Senge Rael.

"Nerima," senge alisema bila salamu, "nimekuona ukipita kwa malori uso umeukunja. Jumamosi ni ile ile ama kuna neno? Sema sasa, nisije nikashona nguo bure."

Nerima alimtazama Willis. Willis alikuwa amesikia kila kitu, maana senge akizungumza kwa simu hana haja ya simu. Alikaa ameshika kijiti chake, anangoja.

"Nitakuambia, senge," Nerima akasema, akakata. Kisha akasimama. "Twende kwa Sista Akiror. Sisi wawili."

"Pale?" Willis alishtuka. "Nerima, ile benchi iko barabarani kabisa! Boda wote wataniona, madereva wataniona. Si tuvuke? Kuna duka mimi najua…"

"Hatuvuki," Nerima alisema. "Mimi nimechoka kuvuka."

Willis alimwomba mwenzake wa lori la nyuma amwangalizie gari. Wakatembea. Hawakushikana mikono. Kati yao palikuwa na nafasi ya mtu wa tatu, na huyo mtu wa tatu, ukiniuliza mimi, alikuwa Jared, au yule mwanamke wa Mombasa, wanapokezana.

Sista Akiror hakuonyesha mshangao. Alikuwa mama wa Kiteso mwenye sauti ya chini na mikono mipana, na mikono hiyo ilikuwa imepokea nusu ya watoto wa mtaa ule. Aliwaketisha pamoja. Nerima akaanza yeye.

"Sista, asubuhi nilikudanganya. Huyu hakutibiwa. Hata hakujua."

"Ahaa." Sista alitikisa kichwa polepole. "Na mimi nilishangaa. Sasa imeeleweka. Mmekuwa mkirudishiana. Huyu anapona, yule anamrudishia. Yule anameza nusu dawa, moto unazimika, ugonjwa unabaki. Mngeendelea hivyo mpaka uzee."

"Lakini nani alianza, sista?" Willis aliuliza, na Nerima aliona ametega sikio kama mtu aliye kortini.

"Sijui."

"Hakuna kipimo cha kujua?"

"Hakuna. Wewe ulibahatika ukasikia moto. Wanawake wengi hawasikii kitu, na wanaume wengi pia. Mtu anaweza kukaa nayo miezi mingi, hata kupita mwaka, ni mzima, anafanya kazi, anaimba kwaya. Kwa hivyo inaweza kuwa ya zamani kabla mjuane, na inaweza kuwa ya upande wowote. Mtu akisema anajua, anabahatisha."

"Na sisi tulipimwa," Willis alisema, kama anayekata rufaa. "Pasta wetu hakubali kutangaza ndoa kabla ya kupimwa. Tulienda pamoja, tukaambiwa tuko safi."

"Pasta aliwatuma mpimwe ukimwi, na ni vizuri. Hii ni nyingine. Hiyo damu waliyotoa haikuangalia klamidia. Watu wengi wanatoka hapo wakidhani wamepimwa magonjwa yote ya dunia." Akavuta droo. "Leo nitawapima na hayo mengine, maana haya magonjwa hupenda kutembea pamoja. Nerima, ulisema huna mimba, na kipimo cha asubuhi kimesema hivyo hivyo. Sawa."

Akatoa bahasha mbili za kaki, akampa kila mtu yake mkononi, makusudi, si zote kwa mmoja.

"Za huyu ni za huyu, za yule ni za yule. Hakuna kugawana. Asubuhi na jioni, wiki nzima, mkiwa mmekula, na maji mengi. Hata ukisikia umepona siku ya pili, endelea mpaka ziishe. Na zile za dashibodi, zilete hapa nizitupe. Hakuna kulala pamoja mpaka nyote wawili mmalize. Baada ya miezi mitatu mrudi niwapime. Na siku nyingine ukiwa hujui hali ya mwenzako, tumia kondomu, na mje kupimwa hata kama hamsikii kitu."

Nerima aliishika bahasha yake kwa mikono miwili. Kulikuwa na swali alilokuwa amelikalia tangu asubuhi, nyuma ya hasira yote ile. Sasa hasira ilikuwa imekwisha, na swali likabaki peke yake.

"Sista. Mtoto?"

Nje, bodaboda ilipiga honi.

"Ikikaa sana inaweza kupanda," Sista Akiror alisema. "Inaacha makovu kwa mirija ya uzazi. Wengine huchelewa kushika mimba, wengine mimba inakaa nje ya kizazi, wengine hawapati kabisa. Lakini wengi wakitibiwa mapema wanazaa vizuri. Asubuhi nilikupapasa tumbo, sikuona jambo baya. Kukuapia siwezi. Ukisikia maumivu makali au homa, kimbia hapa, usingoje."

Kukuapia siwezi. Baada ya kutolewa damu ya vile vipimo vingine, walitoka na neno hilo. Nje benchi lilikuwa tupu, barabara imejaa. Nerima alisimama karibu na ukuta.

"Umesikia hiyo ya mtoto," alisema, hakumtazama. "Wewe ni mwana wa kwanza kwenu. Mama yako anangoja wajukuu. Jumamosi bado utakuja? Sema ukweli, Willis. Usinisamehe tena kimyakimya."

Willis alijikuna shingo, akatazama foleni, akaitazama bahasha yake.

"Mimi leo sijui kitu," alisema. "Sijui nani alianza. Sijui kama nakukasirikia ama unanikasirikia wewe. Sijui kama tutapata mtoto. Kichwa changu kimejaa mchanga. Lakini shati nimeshapigisha pasi, Nerima. Sina mahali pengine pa kulivaa."

Nerima alitaka kucheka, kilio kikatangulia. Alikuwa bado anapangusa macho na ncha ya leso aliposikia sauti aliyoijua, karibu sana.

"Basi ni hapa mmejificha."

Senge Rael alikuwa amesimama mbele yao, beseni la viazi kichwani, mkono kiunoni. Macho yake yalikuwa kwenye bahasha mbili za kaki.

"Mulembe, mama," Willis alisalimia, akijaribu kuficha yake nyuma ya mgongo.

"Mulembe. Usifiche, nimeshaiona. Nani mgonjwa?"

Njia ilikuwa wazi. Nerima angesema malaria, na malaria Malaba haimshangazi mtu. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Sisi wawili, senge," akasema.

"Ugonjwa gani huo wa watu wawili?" Lakini senge hakuwa mtoto. Aliutazama mlango wa kliniki, akamtazama Willis kuanzia viatu hadi nywele, na uso wake ukawa mgumu. Alishusha beseni, akaliweka juu ya benchi. "Nilisema. Sikusema? Nani alimletea mwenzake?"

"Mimi," Nerima alisema.

"Mimi," Willis alisema.

Yalitoka pamoja, kwa pumzi moja. Wakageukiana. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, Nerima aliuona uso ule na asione mtu mwingine nyuma yake.

"Ni mimi, mama," Willis alisema tena, upesi. "Yeye hana kosa."

"Muongo, senge. Ni mimi nilitibiwa nikamficha."

Senge Rael alimtazama huyu, akamtazama yule. Nerima alijikaza kungoja maneno, maana aliyajua maneno ya senge, na hapakuwa na mtu wa Malaba asiyeyajua. Hayakuja. Senge alijishusha polepole, akaketi kwenye benchi kando ya viazi vyake, akapitisha kiganja juu ya ubao wake.

"Hili benchi nalijua," alisema. "Wakati huo kliniki ilikuwa ya mabati. Mimi nilikuwa naumwa hapa chini. Wakasema nimlete mzee. Mzee akasema yeye hana ugonjwa, mwenye ugonjwa ni mimi. Nikatibiwa, nikarudi kwake, nikaumwa. Nikaja tena. Nikatibiwa, nikarudi. Siku zote nilikaa hapa peke yangu, watu wakipita wananiangalia. Mpaka wakanirudisha kwetu, wakasema sizai."

Nerima hakuwahi kusikia habari hiyo maishani mwake. Hakuna aliyewahi kuisikia.

"Senge…"

"Nyamaza." Senge alikuwa tayari anafunua beseni. Akatoa viazi viwili, akampa kila mmoja kimoja, vikiwa bado vya moto. Akatoa chupa yake ya maji. "Dawa haimezwi na tumbo tupu. Kuleni. Halafu mmeze hapa, niwaone."

"Hapa, mama?" Willis aliangalia stendi ya bodaboda, ambapo vichwa vilikuwa vimeanza kugeuka. "Barabarani?"

"Kwani Jumamosi ukija kwetu soda utanywea wapi, chini ya kitanda? Kula."

Willis alikula. Alifungua bahasha, akatoa kapsuli, akaimeza kwa maji mengi, kisha akafungua mdomo kama mtoto kuonyesha kwamba imekwenda. Akampa Nerima chupa. Nerima alimtazama koo mpaka akahakikisha, ndipo naye akameza ya kwake, mchana kweupe, upande wa kwao.